Aliyeona hatari ndiye aichore



Siku hizi karibu kila ekipi ina mtu mwenye simu ya kupiga picha. Jiwe likilegea katika galeri, au ufa ukionekana juu ya vichwa vyetu, picha inapigwa na kupelekwa biro. Ni jambo jema. Lakini picha tupu ni shahidi bubu. Mtu wa biro anafungua kompyuta yake, anaona ukuta wa mawe, na mawe yote yanafanana. Hajui atazame wapi. Ufa aliouona mchimbaji upo mbele ya macho yake naye hauoni, na ekipi ya usiku inateremka.

Maoni yangu ni haya: picha ya hatari isipelekwe bila alama, na mwenye kuichora awe yule aliyeiona hatari kwa macho yake, siku ile ile.

Kazi hiyo si ya maingenieri peke yao. Kompyuta zenye Windows zina programu ndogo ya kuchorea iitwayo Paint, iliyokuwamo tangu Windows ya kwanza, mwaka 1985. Fungua picha, chagua kalamu au brashi, shikilia kitufe cha kushoto cha kipanya, kisha kisogeze: mstari unafuata mkono wako. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z pamoja, mstari unafutika. Simu nyingi nazo zina kalamu ya namna hiyo, na mtu anachora kwa kidole.

Wako watakaosema: mkono wangu umezoea sururu, mistari yangu itapinda. Ipinde! Ufa nao haupiti njia ya rula. Duara linaonyesha mahali tu, lakini mstari wa mkono unaonyesha ufa unatoka wapi, unageukia wapi, unaishia wapi. Chora kando ya ufa, usichore juu yake, usije ukakifunika kile unachotaka kionekane. Rangi nayo ichaguliwe vizuri. Nyekundu juu ya udongo mwekundu haionekani, afadhali njano. Tena wako watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi: tia namba, na uandike mahali, tarehe na saa.

Kwa nini nasema siku ile ile? Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tunalo funzo karibu nasi, pale Nyangwe. Mwaka 1871 Mskoti David Livingstone alikaa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Karatasi zilimwishia, akaandika habari zake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa mmea. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliona watu wakipigwa risasi sokoni. Wengi waliuawa, wengine walizama mtoni wakikimbia. Aliyaandika hayo palepale. Baadaye aliyaandika upya katika daftari jingine. Wino wa kwanza ukafifia, maandishi yakawa karibu hayasomeki.

Ilipofika mwaka 2011, baada ya miaka 140, wataalamu walitoa maandishi hayo ya kwanza. Kurasa zilipigwa picha kwa mianga mbalimbali, na kompyuta ikatenganisha wino na herufi za gazeti. Walipolinganisha, waliona kwamba habari iliyoandikwa baadaye haikuwa sawa kwa yote na ile ya palepale.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, habari ikikaa inabadilika, hata mwandishi akiwa ni yule yule. Itakuwaje basi karani wa biro akichora ufa ambao hakuuona? Pili, wataalamu wale hawakuzigusa kurasa zenyewe kwa kalamu. Kazi yote ilifanyika juu ya picha zake. Nasi tufanye hivyo. Katika Paint, ukihifadhi na kufunga, mstari wako unakuwa sehemu ya picha, na kilicho chini yake hakirudi. Kwa hiyo kabla ya kuchora, hifadhi nakala yenye jina jingine. Picha ya asili ibaki safi, kwa maana ajali ikitokea hiyo ndiyo itakayotafutwa.

Habari za Nyangwe zilingoja miaka 140. Jiwe lililolegea halingoji hata zamu moja.

Sasa neno kwa wakubwa wetu wa kazi. Alama kwenye picha si mashtaka. Mchimbaji akichora ufa leo, na kesho akaulizwa kwa nini anachelewesha kazi, keshokutwa hatachora tena. Iwekwe kompyuta moja mahali zamu zinapopokezana. Picha za siku zitazamwe na ekipi nzima kabla ya kuteremka, na kapita aandike chini ya kila moja ni kitu gani kimefanyika. Picha iliyochorwa vizuri ikalala ndani ya kompyuta haikumsaidia mtu.

Na neno kwetu wenyewe. Mchoro haushikilii jiwe. Ukiona hatari, kwanza toka, wazuie wenzako, mwambie kapita kwa mdomo. Picha ipigwe kutoka mahali salama. Usisogee chini ya jiwe lililolegea ili upate picha nzuri. Na penye vilipuzi, simu isitolewe mfukoni kabisa.

Akina mama, hapa tunahitaji msaada wenu. Watoto wetu wengi wanajua kuchora kwenye simu kuliko sisi. Jioni moja, mtoto akae na baba yake, wapige picha ya waya wa umeme uliochubuka nyumbani, wauchore wote wawili. Baba atakuwa amejifunza kazi ya kesho, na mtoto atakuwa amejua waya gani asiuguse. Kisha waya huo utengenezwe, kwa sababu hatari ikiisha kuchorwa, bado inangoja kuondolewa.