Nani Alizika PHP?

Kila wiki kuna mtu anatangaza ati PHP imekufa. Imekufa wapi, na nani alizika? Rasmus Lerdorf aliitoa 1995 na mpaka leo Wikipedia inaitumia. WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Maiti gani huyo hachoki?

React nayo iko na kazi yake. Facebook, walioanza wenyewe na PHP, waliitoa 2013 kwa sababu kurasa zao zilikuwa zinabadilika kila sekunde. Sasa niambie, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kitengela, anayetaka tu watu waone bei ya mabati na namba ya simu, ana shida ya Facebook? React ya kawaida inatuma mzigo wa JavaScript, halafu simu ya mteja ndiyo ijenge ukurasa. Simu yenyewe ni ya bei rahisi, bando ni la kuhesabu. PHP inajenga ukurasa kwa seva, simu inapokea ukiwa tayari. Hata watu wa React wamerudi kwa seva kupitia Next.js. Mbona hao hamuwacheki?

Mimi niliacha chuo. Sina cheti, niko na kazi za kuonyesha. Kijana anayeanza leo mkimwambia asome fremuweki tatu kwanza, atachoka kabla apate mteja. Mwambieni asome HTML, PHP na hifadhidata, atengenezee duka la jirani tovuti, alipwe. React ataisoma baadaye, kodi ikiwa ishalipwa.