Akiugua Chuoni Asirudi Nyumbani Kimya Kimya



Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, mama mmoja wa kikundi chetu alitushika mkono akatupeleka pembeni, mbali na wenzake. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, alikuwa amefutiwa usajili. Hakuwa amefeli, wala hakuwa na tabia mbaya. Binti huyo ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli. Wiki mbili kabla ya mitihani maumivu ya mifupa yalimshika, akapanda basi kurudi kwa mama yake. Alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu. Aliporudi chuoni alikuta mitihani imekwisha, naye ameandikwa kuwa ameacha masomo bila taarifa.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba binti huyu tulimhudumia sisi wenyewe. Tulimtundikia dripu, tukampa dawa za maumivu, tukamsihi anywe maji ya kutosha na ajikinge na baridi. Siku ya kuruhusiwa tulimwombea na kumsindikiza hadi mlangoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Je, chuoni wanajua kwamba uko hapa?" Swali hilo moja lingemwokolea mwaka mzima.

Ugonjwa usio na karatasi

Akina mama, tumezoea shule za sekondari. Mtoto akiugua, matroni anajua, mwalimu wa darasa anajua, na mzazi anapigiwa simu. Chuo kikuu hakiko hivyo. Mhadhiri mmoja anaweza kufundisha mamia ya vijana. Kiti kikiwa kitupu, hajui kama mwenyewe amelazwa au amekwenda kutembea. Kwa hiyo ugonjwa ambao haukuandikwa huhesabiwa kuwa utoro.

Kumbe njia zipo. Vyuo vyetu hapa Tanzania vina taratibu kwa ajili ya mwanafunzi anayeugua. Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni, lakini kwa jumla mambo ni haya matatu:

1. *Mtihani maalumu.* Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa uliothibitishwa anaweza kuruhusiwa kuufanya baadaye. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa anaufanya kwa mara ya kwanza, wala si kama mtu aliyefeli na kurudia.

2. *Kuahirisha masomo.* Hii ni kwa ugonjwa unaohitaji muda. Kwa mfano, matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi sita, na sonona kali nayo haiponi kwa wiki moja. Kijana huomba kwa barua, akipata kibali hupumzika, kisha huendelea na masomo chuo kinapompangia. Lakini muda wa kukaa nje una ukomo, na kurudi nako huombwa kwa maandishi.

3. *Kusaidiwa akiwa masomoni.* Mwenye selimundu anaweza kuomba chumba cha chini asipande ngazi nyingi, na ruhusa ya kuingia na maji kwenye mtihani. Asiyeona vizuri anaweza kuomba maandishi makubwa na muda wa ziada. Jambo hili si geni. Baraza la Mitihani la Taifa huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Tena tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mwenye ulemavu kupata elimu.

Afanye nini?

Kwanza, aanzie zahanati ya chuo hata kama atatibiwa kwingine, ili jina na tarehe viandikwe. Pili, apewe karatasi ya mapumziko, ile tunayoiita ED, au ripoti ya daktari, yenye muhuri na tarehe. Tatu, aandike barua kwa mkuu wa idara au kitivo kabla ya mtihani, si baada yake. Akiwa hoi kitandani, mwenzake aipeleke. Nne, apite kwa mshauri wa wanafunzi, na kama anasoma kwa mkopo, amwone pia afisa mikopo wa chuo, kwa kuwa anayeahirisha masomo bila kusema anaweza kupata taabu ya malipo atakaporudi. Tano, abaki na nakala ya kila karatasi. Nakala hizo wewe mama uzitunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Hata hivyo, kumbuka kwamba aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima. Barua aiandike yeye, na siri ya ugonjwa wake ni yake. Kazi yako ni kumkumbusha, kumsindikiza na kumpa nauli.

Aibu yetu

Tulipomwuliza yule mama kwa nini chuo hakikuambiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba binti ana selimundu, aliinamisha kichwa. Alisema, "Niliogopa. Habari zikienea, nani atakuja kumposa?"

Hatukuwa na la kumlaumu, maana wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Tunaficha kifafa, tunaficha sonona, tunasema "ana malaria tu". Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Karatasi ya daktari kwa mkuu wa idara si tangazo la kanisani. Humwambia anayehusika tu, naye anapaswa kuitunza siri hiyo.

Binti huyo alikata rufaa, akaambatisha karatasi za hospitali, akaruhusiwa kurudia mwaka. Tunamshukuru Mungu. Lakini mama yake aliuza cherehani yake ili kulipa ada ya mwaka ambao ulikwisha kulipiwa.

Siku hizi, kila kijana wa chuo tunayemruhusu kutoka wodini tunamwuliza lile swali, na hatumwachii aondoke bila karatasi mkononi. Nawe mama, jioni ya leo mpigie mwanao simu. Usimwulize matokeo kwanza. Mwulize, "Afya yako ikoje, na chuoni nani anaijua?"

Hadi mwezi ujao, tubaki katika amani.