Ngao ya Rafiki

Katika mdahalo wa muhula huu tuliulizwa: Je, yafaa nchi ndogo impe rafiki yake mkubwa mahali pa kuweka mitambo ya kuzuia makombora? Mimi nilisimama upande wa wasemao yafaa, nikapigiwa makofi, na upande wetu ukashinda. Sasa naandika kujipinga mwenyewe. Natumaini Bwana Mhariri hatanikatalia.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Nilisema kwamba ngao haiui mtu, basi aiogopaye ngao ana lake jambo. Siku chache baadaye nilipata ruhusa kwenda kumwamkia bibi yangu, hapa hapa Rubafu, nikamsimulia ushindi wangu kwa majivuno. Bibi alikimbilia migombani ndege za Idi Amin zilipokuja Bukoba mwaka 1978. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo atakaye kumpiga rafiki yako, mjukuu wangu, ataanza kupiga wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilirudi shuleni nikatafuta katika vitabu. Katika vita vile Libya ilimletea Amin askari na ndege. Machi 1979 ndege moja ya Libya ilikuja kupiga Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Jambo hilo huchekesha. Lakini mwezi uliofuata majeshi yetu yaliwafuata Walibya mpaka Entebbe, na watu wa Entebbe, ambao hawakumwalika Mlibya yeyote, vita vikawakuta milangoni kwao.

Lililonigeuza hasa ni habari ya Unguja. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitia sahihi mkataba wa kujenga kituo cha kufuata vyombo vya angani. Kikajengwa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyosikiliza sauti yake. Hakikuwa na kombora hata moja. Kilikuwa sikio tu. Hata hivyo watu wengi hawakusadiki. Waliandamana, wakisema ni mahali pa maroketi, na kwamba vita vikizuka kisiwa kitapigwa kwa ajili ya wengine.

Katika mdahalo ningaliwacheka watu wale. Leo siwezi. Wangesadiki kwa lipi? Mkataba ulikuwa wa mataifa mawili makubwa, na Mwunguja hakuwa na mkono ndani yake. Mtu akijengewa nyumba uani mwake bila kuulizwa, hata ikiwa ghala la mahindi ataidhania mengine. Unguja ilipata uhuru Desemba 1963, Mapinduzi yakaja Januari 1964, na Aprili mwaka ule ule Mzee Karume akawaambia Wamarekani waondoe kituo chao. Wakaondoka. Wataalamu walipoteza sikio zuri, nami nasikitika kidogo, maana napenda sana habari za anga.

Wenzangu watasema nchi ndogo haina budi kujikinga. Ni kweli, na sisi wa Kagera tusiwacheke Wapolandi wanaomhofu jirani yao. Tumeonja jirani mbaya. Lakini tazameni Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2008 serikali yake ilikubali rada ya Marekani ijengwe katika milima ya Brdy. Wananchi wengi wakapinga, bunge likawa bado halijaidhinisha, na Septemba 2009 Rais Obama akauacha mpango ule. Wacheki waligombana sana wao kwa wao, ila waligombana kabla ya saruji kumwagwa. Huko Tunguu ugomvi ulikuja mkataba ukiwa umekwisha tiwa sahihi.

Kwa hiyo sisemi rafiki akataliwe daima. Nasema aulizwe mwenye ardhi, aruhusiwe kuingia ndani kutazama, na siku akisema "ondoa," iondolewe. Katika mdahalo sikutaja hata moja katika hayo, wala hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu wetu amekubali hoja irudiwe muhula ujao. Nimeomba upande wa pili. Natafuta mwenzangu wa kusimama nami, na mpaka leo sijampata.