Kabla hujalipia kipimo cha ‘utumbo unaovuja’

Huenda umeambiwa kwamba uchovu wako, gesi tumboni au pumu ya ngozi ya mwanao vinatokana na “utumbo unaovuja”, na kwamba kipo kipimo cha kuthibitisha. Kabla hujatoa fedha, nisikilize kidogo.

Kipimo kipo kweli. Ukuta wa utumbo hupitisha virutubisho na kuzuia vijidudu. Ili kujua unavyozuia, mtu ambaye hajala hunyweshwa maji yenye sukari mbili: manitoli, yenye chembe ndogo zinazopenya kirahisi, na laktulosi, yenye chembe kubwa. Mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa, mara nyingi tano. Laktulosi ikizidi ikilinganishwa na manitoli, ni dalili kwamba ukuta umelegea.

Watafiti wamenufaika nacho. Mwaka 1991, utafiti uliofanyika Gambia ulionyesha uhusiano kati ya utumbo uliodhoofika na watoto wachanga kutokua vizuri.

Lakini kinachomsaidia mtafiti mwenye watoto wengi si lazima kikusaidie wewe. Mkojo ukipotelea kwenye nepi, jibu limeharibika. Hakuna kiwango kimoja kilichokubalika cha kumtenganisha mgonjwa na mzima. Tena jibu baya halitaji chanzo: laweza kuletwa na kuhara, ugonjwa wa siliaki, au hata dawa za maumivu kama ibuprofeni. Kipimo cha zonulini nacho kina walakini. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa vimebainika kupima protini nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usianzie hapo. Kwa mtoto, anza na kadi ya kliniki. Kama uzito haupandi, mpeleke akachunguzwe. Akihara, mpe ORS, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na usimwachishe kunyonya wala kula. Kwako mtu mzima, damu kwenye choo, kukonda bila sababu au kuhara kwa zaidi ya wiki nne vinahitaji daktari, na vipo vipimo vya choo na damu vinavyotaja ugonjwa wenyewe.

Anayekuuzia kipimo, muulize: “Jibu hili litabadilisha nini katika matibabu yangu?” Akikosa la kusema, au akikutolea chupa za virutubisho vya kununua, rudi nyumbani na fedha yako.