Anayekwenda Urusi Kusoma Ajulikane Wilayani

Zamani kijana wa Kitanzania hakwenda Moscow, alipelekwa. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kilianzishwa mjini humo mwaka 1960, na mwaka uliofuata, baada ya Patrice Lumumba kuuawa, kikapewa jina lake. Wengi waliosoma hapo na katika vyuo vingine vya Sovieti walikuwa chini ya makubaliano ya serikali mbili: moja imewateua, nyingine imewagharamia. Umoja wa Sovieti ulipovunjika Desemba 1991, utaratibu huo uliyumba. Vyuo vya Urusi na Ukraine vilipungukiwa ruzuku, vikaanza kutafuta wageni wenye ada. Nafasi za ufadhili wa Urusi zipo hadi leo, lakini wengi huenda kwa fedha za familia, tena kupitia wakala. Aliyekuwa mgeni wa taifa amekuwa mteja, na mteja akipatwa na jambo hana wa kumwuliza.

Februari 24, 2022 ilionyesha maana ya jambo hilo. Mwaka 2020 Ukraine ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 76,000, wengi wao wakisomea udaktari kwa ada nafuu. Urusi ilipoivamia siku hiyo, Watanzania waliokuwa huko hawakuwa na ubalozi wao Kyiv wa kukimbilia. Januari 2023 Serikali yetu ikathibitisha kwamba Mtanzania aliyekwenda Moscow kusoma, kisha akafungwa gerezani, alijiunga na kundi la mamluki wa Urusi la Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru, akauawa vitani Oktoba 2022. Mwaka 2024 ikafichuka kwamba mabinti wa Afrika, wakiwemo wa Uganda na Kenya, walivutwa na mpango wa kazi na masomo huko Alabuga, Tatarstan, nchini Urusi, wakajikuta wanaunganisha droni za vita.

Wapo wanaosema basi safari hizo zipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Nafasi za udaktari katika vyuo vyetu ni chache kuliko vijana waliofaulu kuzisomea, na hospitali zetu zimehudumiwa miaka mingi na madaktari waliosomea Urusi. Wengine wanasema mtu mzima achague mwenyewe, fedha ni zake. Hoja hiyo ina uzito, ila kuchagua kunataka kujua. Mzazi wa Lipingo, huku mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Nyasa, anayeishi kwa usipa na mihogo, au ndugu yake wa milimani Mbinga anayesubiri malipo ya kahawa, anajuaje kwamba ufadhili wa Urusi haulipi nauli ya ndege? Nani amemwambia kwamba mwaka mzima wa kwanza kwa kawaida ni wa kujifunza Kirusi? Kwa kijana aliyekulia Kinyasa au Kimatengo, akafundishwa kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, hiyo ni lugha ya nne. Hata katika kozi inayotangazwa kuwa ya Kiingereza, mgonjwa wodini atajieleza kwa Kirusi. Na akirudi, shahada yake lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika la kumpima kabla ya kuanza utarajali. Hayo yote yanajulikana Dar es Salaam. Huku mwambao, anayeyaeleza ni wakala, naye hulipwa kijana akisafiri, si akihitimu.

Tume hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na hilo ni jema, lakini cheti kisichojulikana kijijini hakimlindi mtu. Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa ina ofisa elimu, ina shule za sekondari, ina watendaji wa kata. Ofisa huyo aandike daftari la kila kijana wa wilaya anayesoma nje: chuo chake, mji wake, simu ya mzazi wake. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, pamoja na gharama zote kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za kata kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka. Nawaomba madiwani wa Nyasa walipeleke jambo hili kwenye kikao chao kijacho. Nawe mzazi, usiuze shamba kabla hujakiona cheti cha Tume.