Unyevu wa mwanamke si uchafu

Majuzi nikiwa kwenye foleni ya zahanati, nilimsikia mama mmoja akimnong'onezea mwenzake habari za bintiye aliyevunja ungo mwaka huu. "Nimemwambia ajioshe kwa sabuni hadi ndani, maji hayo yakauke." Mwenzake akadai kuwa ndimu hushinda sabuni. Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo kimya changu kinanisuta. Leo nasema.

Majimaji hayo si taka. Ni kazi ya mwili, tena kazi yenye mpango. Mlango wa kizazi umetandwa na seli, na kila seli ina vijilango vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vipo vinavyotoa kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi tuliyoizoea jikoni, na chumvi inapokwenda maji hufuata. Vipo pia vinavyorudisha sodiamu ndani ya seli, na maji hurudi nayo. Kwa njia hiyo mwili huongeza na kupunguza unyevu, kama mkulima anayefungua na kuziba mifereji shambani.

Homoni ndizo zinazoshika funguo. Yai linapokaribia kutoka, estrojeni huongeza kazi ya vijilango vya kloridi, ambavyo hupitisha bikaboneti pia. Ute huwa mwepesi, wa kuvutika kama ute wa yai la kuku, na mbegu za kiume hupata njia. Yai likishatoka, projesteroni huufanya ute kuwa mzito na njia hujifunga.

Anayetilia shaka umuhimu wa vijilango hivi na atazame ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Mwaka wa 1989 wanasayansi walitambua jeni ya kijilango cha kloridi ambacho huharibika kwa wagonjwa hao. Wanawake walio nao huwa na ute mzito, na baadhi yao hukawia kushika mimba. Karibu wanaume wote walio nao huzaliwa bila mirija ya kupitishia mbegu.

Sasa, sabuni na ndimu zinatafuta nini huko? Ukeni wanaishi bakteria wema wanaotengeneza asidi, nayo huzuia viini vya maradhi. Anayejiosha ndani huwaondoa walinzi hao na kuchubua ngozi laini. Hata hapa kwetu tumeonywa. Utafiti uliofanywa Mombasa kwa miaka 10 miongoni mwa wanawake wanaouza ngono, ukachapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha kuwa waliojiosha ndani walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kuliko wasiojiosha. Hatari ilikuwa kubwa hata kwa waliotumia maji matupu, na kubwa zaidi kwa waliotumia sabuni.

Simlaumu yule mama. Alimpa bintiye alichopewa na mamake. Lawama yangu naielekeza kwetu tunaojua na kunyamaza, na kwa mafunzo yanayomweleza msichana habari za hedhi kisha yakaruka siku nyingine zote za mwezi. Nao wanaume wanaodai mwanamke awe mkavu wajue kuwa wanamtuma mwenzao akatafute vidonda, na vidonda hivyo havichagui wa kumdhuru.

Akina mama, mwambieni binti aoshe nje kwa maji safi. Ndani mwili unajisafisha wenyewe. Mwambieni pia kuwa unyevu mweupe au usio na rangi, usiowasha wala kunuka vibaya, ni dalili ya afya. Ukigeuka rangi, ukatoa harufu mbaya, ukawasha au kuandamana na maumivu ya tumbo, aende kliniki mapema, kwa sababu maambukizi yakipanda hadi mirija ya uzazi yanaweza kuiziba. Dawa yake hutolewa na daktari. Ndimu tuiache mezani.