TAKA ZA GULIO ZISIMWAGWE MTONI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Msowero,

Tumesikia yanayosemwa kilabuni. Eti ushirika ukodi trekta, lizoe taka zote za gulio likazimwage kando ya mto, mvua zikija zitazichukua zenyewe. Sisi tunapinga, na tunapinga mchana kweupe hapa ukutani. Asiyejua kusoma asomewe.

Mvua zitazipeleka wapi? Mto huu hauishi pale unapopotea machoni mwetu. Maji yake yanaingia Wami, na maji ya Wami wanakunywa watu mpaka Chalinze. Nasi tuko chini ya wenzetu wa milima ya Ukaguru. Nao wakisema hivyo hivyo, ndoo zetu zitajaa nini?

Halafu hizo taka zenyewe ni nini? Siku ya gulio lililopita tulizipekua. Nyingi ni majani ya kabichi, maganda ya ndizi, makapi ya miwa, magunzi, na pumba za mashineni. Hiyo ni mbolea, jamani! Mkulima anamwaga mbolea mtoni asubuhi, mchana anapanga foleni kununua mbolea ya mfuko, tena kwa mkopo. Huko ndiko kujitegemea? Lichimbwe shimo nyuma ya ghala. Tabaka la taka, tabaka la samadi, udongo kidogo, maji ya kunyunyizia, na kupindua mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi ni mboji. Samadi ndugu zetu wafugaji wanayo, tukiwaomba kwa adabu.

Plastiki ni jambo jingine. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walitutangulia mwaka 2006. Gulioni kwetu vile vifuko laini vya kufungia karanga vimegeuzwa vya kubebea nyanya. Kikapu kimekosa nini? Plastiki haiozi. Ng'ombe akiimeza inamkaa tumboni, na ukiichoma moshi wake ni sumu.

Lakini lililotuuma zaidi ni vichupa vya dawa za shambani. Sisi tuliojua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tuna tabia ya kusoma kila kilichoandikwa. Juzi tulimkuta mtoto mtoni anakunywa maji kwa chupa. Tukaisoma: sumu, na picha ya fuvu juu yake. Tukamnyang'anya. Mama yake akasema ameiosha kwa sabuni. Loo! Chupa ya dawa haigeuki kikombe hata uioshe mwaka mzima. Isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha itobolewe na kuletwa ghalani, ifungiwe mahali pake.

Wapo wanaosema usafi ni kazi ya serikali, kwa kuwa ushuru tunalipa. Ni kweli tunalipa, na wanaoukusanya watusomee hesabu yake mkutanoni, hata wakiwa wa Chama chetu. Hapo hatumtetei mtu. Ila mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja trekta.

Kwa hiyo tunaleta haya mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Fedha ya trekta inunue matoroli mawili. Halmashauri ya Kijiji itunge sheria ndogo, kama inavyoruhusiwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, Wilaya iidhinishe, na atakayemwaga taka mtoni alipe faini, awe mchuuzi au katibu.

Shimo tunaanza kuchimba kesho yake asubuhi. Ghalani yapo majembe manne tu, kila mtu aje na lake.

Katibu wa Tawi